Kesi Iliisha, Jina Likabaki: Rekodi ya Jinai Nchini Kenya

Anayetafuta kazi ya ulinzi, ya udereva au ya kwenda Ghuba hupitia mahali pamoja: wino kwenye vidole kumi, kisha kungoja cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kesi ya miaka mingi iliyopita, waliyoimaliza kwa faini ya shilingi elfu mbili na kuisahau, bado ingali hai. Wakifika kwa wakili swali lao ni moja: inafutwaje?

Jibu halipendezi. Kenya haina sheria ya jumla inayofuta hatia ya mtu mzima eti kwa kuwa miaka imepita na mwenyewe ametulia. Afrika Kusini wanayo: aliyepewa adhabu nyepesi anaweza kuomba rekodi yake ifutwe baada ya miaka 10, mradi hajafungwa kwa kosa jingine katika muda huo. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayofanya hukumu nyingi zisilazimike kutajwa tena muda fulani ukipita. Kwetu hakuna. Anayekuahidi kwamba ukitoa kitu kidogo jina litatoka kwenye kompyuta anakuuzia kosa jipya, na hilo haliishii kwa faini ya elfu mbili.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua ulitokaje mahakamani. Ukisikia mtu anasema "kesi iliisha", muulize iliishaje. Kama hukushtakiwa, au uliachiliwa na mahakama, na hujawahi kupatikana na hatia nyingine, sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inataka picha na alama zako za vidole ziharibiwe au upewe mwenyewe. Juu ya hapo, kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Lakini usitarajie masijala ya mahakama ikukimbilie DCI kwa niaba yako. Chukua nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri, andika barua, ipeleke, baki na nakala iliyogongwa tarehe ya kupokelewa. Wakikaa kimya, Mahakama Kuu ipo.

Tahadhari moja: upande wa mashtaka ukiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa jinai kabla hujaitwa kujitetea, umeachiliwa, ila unaweza kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Ikiondolewa baada ya hapo, umeachiliwa huru.

Walio wengi, hata hivyo, hawakuachiliwa. Walikiri. Tuseme kijana anauza mitumba barabarani, anakamatwa na kanjo jioni, analala seli, na asubuhi wenzake wanamnong'oneza: kubali tu, ulipe faini, uende zako. Ushauri huo umewaharibia watu wengi kuliko wanavyojua. Kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinasema aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga hatia yenyewe. Analoweza kupinga ni uzito au uhalali wa adhabu. Neno moja, "kweli", limeshafunga mlango.

Mlango huo hauna komeo kamili. Tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, hakimu anatakiwa kumsomea mshtakiwa shtaka kwa lugha anayoielewa, amweleze kila sehemu ya kosa, aandike jibu lake kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kisha amsomee maelezo ya tukio na kumpa nafasi ya kuyakanusha. Mwenye kukiri kwa "ni kweli, lakini…" kisheria pengine hakukiri. Mwenendo wa kesi ukionyesha hatua hizo zilirukwa, Mahakama Kuu inaweza kutengua hatia, na hapo rekodi inakosa mguu wa kusimamia. Muda wa rufaa ni siku 14. Ukipita unaweza kuomba uongezewe ukiwa na sababu nzito. Kunyimwa kazi juzi si sababu ya kuchelewa miaka sita.

Anayesimama kizimbani leo ana nafasi ambayo watu hawaijui. Sheria ya probesheni inamruhusu hakimu, hata kosa likithibitishwa, kumweka mtu chini ya uangalizi kwa miezi 6 hadi miaka 3 bila kumtia hatiani. Ombi hilo litolewe mapema, kabla hakimu hajaandika hatia, na afisa wa probesheni apewe watu wa kumsemea mshtakiwa nyumbani kwao. Kuna pia kifungu cha 35 cha kanuni ya adhabu, cha kuachiliwa bila adhabu, kwa sharti au bila sharti. Hicho huja baada ya hatia, kwa hiyo kinapunguza maumivu zaidi ya kufuta rekodi.

Msamaha wa Rais, chini ya kifungu cha 133 cha Katiba, huombwa kupitia kamati ya ushauri. Upo, lakini kwa faini ndogo ni kupiga nzi kwa rungu.

Mimi ningependa Bunge liige Afrika Kusini, pamoja na mipaka yake, kwani kule aliyeandikwa kwenye rejista ya wakosaji wa ngono hafutiwi kirahisi. Hali ilivyo sasa inachekesha. Aliyelipa faini ya kuuza mitumba hazuiwi na kifungu cha 99 cha Katiba kugombea ubunge, maana kinachomzuia mtu ni kifungo cha angalau miezi sita baada ya rufaa zote kwisha. Kulinda geti la mbunge ndiko anakoweza kukosa.

Hadi sheria ije, fuata nakala zako masijala mapema. Majalada ya zamani huruhusiwa kuteketezwa baada ya muda, na bila mwenendo ule hakuna wa kuthibitisha kwamba ulisema "lakini".