Majira Manne ya Lenox: Wakali wa Jazi Walipogeuka Walimu

Kijana aliyefika Lenox mwezi Agosti 1957 akiwa na tarumbeta yake mkobani hakwenda kufundishwa na mwalimu wa kawaida. Katika mji huo mdogo wa milimani, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwalimu wa tarumbeta alikuwa Dizzy Gillespie. Aliyekuja na piano kichwani alimkuta Oscar Peterson. Wa besi walikuwa na Ray Brown, na wa drams walikuwa na Max Roach. Kwa wiki tatu watu hao, ambao rekodi zao ziliuzwa dunia nzima, waliamka asubuhi, wakala mezani pamoja na wanafunzi, kisha wakaingia darasani.

Kozi hiyo iliitwa Lenox School of Jazz. Ilifanyika majira manne tu ya kiangazi, kuanzia 1957 hadi 1960, ikafa. Hata hivyo, ukifuatilia jinsi jazi inavyofundishwa leo katika vyuo vikuu vya Marekani, nyuzi nyingi zitakurudisha pale.

Jazi inayozungumzwa hapa si ya Morogoro Jazz, Western Jazz wala OK Jazz, bendi zilizochezesha watu dansi kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa. Ni muziki wa Wamarekani Weusi uliokulia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ambao roho yake ni mpigaji kutunga palepale jukwaani, mbele ya watu, bila kujua sekunde kumi zijazo atapiga nini.

Je, jambo la namna hiyo linafundishika? Katika miaka ya 1950 wengi walijibu kwamba haliwezekani. Mpigaji alijifunza kwa kusikiliza sahani za santuri hadi zikachakaa, kwa kusafiri na bendi, na kwa kupanda jukwaani usiku wa manane mbele ya wakubwa ambao hawakuwa na huruma na asiyejua. Vyuo vya muziki vilikuwa vya Bach na Beethoven. Kulikuwa na mwanya mdogo hapa na pale: chuo kimoja cha Texas Kaskazini kilianza kutoa shahada ya bendi za dansi mwaka 1947, na jijini Boston kulikuwa na shule iliyokuja kuitwa Berklee. Zaidi ya hapo, kijana alijitegemea.

Mwanzo wa Lenox ulikuwa wa kibiashara kidogo na wa mapenzi sana. Mwaka 1950, mume na mke kutoka New York, Philip na Stephanie Barber, walinunua majengo ya pembeni ya shamba kubwa la tajiri, yakiwamo mazizi, wakayageuza nyumba ya wageni waliyoiita Music Inn. Jirani yao ilikuwa Tanglewood, mahali ambapo okestra ya Boston hupiga kila kiangazi na ambako vijana wa muziki wa kizungu wa kale walikuwa wakifundishwa tangu 1940. Akina Barber wakaalika wapiga jazi, waimba blues na wapiga ngoma, pamoja na Marshall Stearns, profesa wa fasihi ya Kiingereza aliyekuwa na kichaa cha jazi, aje kuongoza mijadala juu ya asili ya muziki huo. Stearns alishikilia kwamba huwezi kuielewa jazi usipoanzia Afrika. Leo kauli hiyo haishangazi mtu, lakini wakati ule ilikuwa na wabishi wengi.

Mtu aliyeigeuza mijadala hiyo kuwa shule alikuwa John Lewis, mpiga piano wa Modern Jazz Quartet. Lewis alikuwa mtu wa suti na nidhamu, msomi mwenye shahada ya pili ya muziki, ambaye pia alikuwa amepiga katika bendi ya Gillespie. Kwake hakukuwa na ugomvi kati ya kusoma na kutunga papo kwa papo. Aliwaita wenzake wa kundi lake, Milt Jackson, Percy Heath na Connie Kay, na wakaja pia wengine: J.J. Johnson wa tromboni, Kenny Dorham wa tarumbeta, Jim Hall wa gitaa, Bill Evans wa piano. Walimu walikuwa Weusi na Weupe, na wanafunzi vilevile, wote wakilala na kula mahali pamoja. Hilo halikuwa jambo dogo: mwezi mmoja tu baada ya kozi ya kwanza, serikali ya Marekani ililazimika kupeleka wanajeshi Little Rock, Arkansas, ili watoto tisa Weusi waweze kuingia shule ya sekondari.

Sasa, walifundisha nini hasa?

Msikilizaji wa taarabu ana njia fupi ya kulielewa jambo hili. Mpiga kanuni au udi anapofanya taksimu hana karatasi mbele yake; anaijua maqamu, yaani ngazi ya noti anayoifuata, anajua pa kuanzia na pa kutua, na katikati anatembea kwa akili na moyo wake. Mpiga jazi naye ana njia yake aliyowekewa, ila yeye hana ruhusa ya kusimamisha mwendo. Wimbo wa blues, kwa mfano, una vipande 12 vyenye mapigo manne kila kimoja. Vikiisha vinaanza upya, na chini yake kodi za piano au gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinabadilika kwa mpangilio ule ule kila mzunguko. Anayepiga solo anatunga tuni mpya juu ya mzunguko huo huku besi na drams zikisonga mbele. Akipotea hasubiriwi.

Hivyo basi kuna mambo yanayofundishika kabisa: kodi, skeli (ngazi za noti), umbo la nyimbo, na historia ya waliotangulia. Gillespie alikuwa na tabia, maisha yake yote, ya kuwasukuma wapiga vyombo vingine wajifunze piano, kwa sababu pale muziki wote unaonekana kwa macho. Pale Lenox kulikuwa na nadharia nzito zaidi, na mwenye nadharia hiyo alikuwa George Russell. Alipokuwa amelazwa hospitali kwa miezi mingi akiugua kifua kikuu katikati ya miaka ya 1940, Russell alikuwa akiyatafakari maneno aliyoambiwa na kijana mmoja mpiga tarumbeta, Miles Davis, kwamba alitaka kujua kodi zote. Russell alishangaa, kwani kila mtu alijua kwamba Davis alikuwa anazijua tayari. Akahitimisha kwamba alichotafuta Davis ni njia mpya ya kuhusiana nazo. Kutokana na swali hilo akaandika kitabu, kilichotoka 1953, kinachoonyesha kwamba kila kodi ina skeli yake, na kwamba mpigaji anaweza kufikiri kwa skeli nzima badala ya kuzifukuza kodi moja moja. Bill Evans, aliyekuwa amepiga katika rekodi za Russell, alikuwa na Davis studioni mwaka 1959 ilipotengenezwa albamu ya Kind of Blue, ambayo imejengwa juu ya fikra za namna hiyo. Kiangazi cha mwaka huohuo Evans alikuwa Lenox, akifundisha.

Lakini kiini cha kozi hakikuwa ubaoni. Wanafunzi waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kikundi chini ya mwalimu mmoja, na mwisho wa wiki tatu kila kikundi kilipanda jukwaani. Mwalimu wa kikundi hawezi kumwambia mwanafunzi noti ya kupiga, maana akifanya hivyo solo imekwisha kuwa yake yeye mwalimu. Anachoweza ni kusikiliza, kisha kusema: hapa ulikimbia, hapa hukumsikia mpiga drams, hapa ulikuwa na neno zuri ukaliacha kabla halijaisha. Ni kazi ya sikio kuliko mdomo, na si kila mpigaji hodari anaiweza.

Sikio hilo lilipata mtihani wake mkubwa mwaka 1959.

Mwaka huo walifika wanafunzi wawili kutoka Los Angeles, Ornette Coleman na Don Cherry, waliolipiwa na kampuni ya rekodi ya Atlantic kwa msukumo wa Lewis. Coleman, mzaliwa wa Fort Worth, Texas, alikuwa na miaka 29. Alikuwa amewahi kuendesha lifti dukani ili ale, na alipiga saksafoni ya plastiki nyeupe. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyu alikuwa tayari na albamu sokoni, na mwezi Mei alikuwa amerekodi nyingine, The Shape of Jazz to Come, iliyokuja kuwa moja ya rekodi zinazobishaniwa zaidi katika historia ya jazi. Alikuwa mwanafunzi kwa jina.

Tatizo la Coleman, au zawadi yake, ni kwamba hakuufuata ule mzunguko wa kodi. Alianza na tuni, kisha akaenda ilikompeleka, na wenzake wakamfuata kwa masikio. Sauti yake ilipanda na kushuka kati ya noti kama ya mtu anayelia au kucheka. Kwa walimu waliotumia miaka kumudu kodi ngumu, huyu alikuwa ama mkombozi ama mtu asiyejua kutia chombo chake sauti. Bob Brookmeyer, mwalimu wa tromboni, alikuwa upande wa wasioridhika. Jimmy Giuffre, mwalimu wa klarineti na saksafoni, aliyemzidi Coleman miaka tisa, aliguswa mno. Miaka miwili baadaye alikuwa na kundi la watu watatu lisilo na drams, likipiga muziki huru ambao wateja wake wa zamani hawakuutambua. Gunther Schuller, mtunzi na mpiga pembe wa okestra, alikuwa upande wa Coleman na alikuja kuwa mmoja wa watetezi wake wakubwa.

Tarehe 29 Agosti 1959 vikundi vilipiga onyesho la mwisho. Katika kikundi cha Coleman na Cherry piano ilikuwa kwa Steve Kuhn na besi kwa Larry Ridley. Novemba mwaka huohuo Coleman alianza kupiga katika klabu ya Five Spot, New York, kwa mkataba wa wiki mbili uliorefuka hadi miezi miwili na nusu, na jiji likagawanyika. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki. Walimu wa Lenox wanastahili sifa moja hapa: hawakumnyoosha. Shule nyingi zingejaribu.

Wanafunzi wengine wa majira yale hawakupata kelele kama hizo, lakini huenda walibadilisha mambo mengi zaidi. David Baker, mpiga tromboni kutoka Indianapolis, alijiunga na kundi la George Russell, kisha jeraha la taya alilolipata katika ajali ya gari likamlazimisha kuacha tromboni na kuhamia chelo. Mwaka 1968 alianzisha programu ya shahada ya jazi katika Chuo Kikuu cha Indiana, akaiongoza kwa miongo kadhaa. Ran Blake alikwenda New England Conservatory, Boston, ambako Schuller alikuwa rais wa chuo na Russell mwalimu. Ridley akafundisha Rutgers. Oscar Peterson, kwa upande wake, alifungua shule yake Toronto mwaka 1960 pamoja na Ray Brown.

Kozi za kiangazi nazo zikaenea. Jamey Aebersold, aliyesoma Indiana, alitoa mwaka 1967 santuri yenye piano, besi na drams peke yake. Nafasi ya solo iliachwa wazi ili mwanafunzi aijaze nyumbani kwake. Mfululizo huo ulizidi juzuu 130, na kozi zake za kiangazi huko Louisville, Kentucky, zilifundisha vizazi vya vijana na walimu wa shule. Ni kazi kubwa, lakini ina kasoro yake. Santuri haikusikilizi. Ukikimbia haikufuati, ukinyamaza haishangai. Wakosoaji wamelalamika kwa miaka kwamba vijana wa vyuoni wanazijua skeli zote na bado wanafanana, na malalamiko hayo hayakosi ukweli.

Yupo mtu mmoja ambaye hakuandikishwa Lenox hata siku moja, naye anatuhusu. Randy Weston, mpiga piano kutoka Brooklyn, alikwenda katika vilima hivyo miaka ya mwanzo ya 1950 kutafuta kazi za kiangazi, na Music Inn ikampa kazi jikoni. Baada ya kazi alipiga piano, na alihudhuria mihadhara ya Stearns juu ya Afrika na jazi. Novemba 1960 Weston alirekodi Uhuru Afrika, albamu kubwa iliyopangwa na Melba Liston, maneno yakiwa ya mshairi Langston Hughes, na Max Roach akiwa miongoni mwa wapigaji. Kipande cha kwanza kinaitwa Uhuru Kwanza. Ndani yake inasikika sauti ya Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akighani kwa Kiswahili, mwaka mzima kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo.

Ukosefu wa fedha ndio ulioiua shule ya Lenox. Baada ya Agosti 1960 haikufunguliwa tena.

Huku kwetu, Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar imekuwa ikifundisha taarabu tangu 2002, na imeonyesha kwamba sanaa ya wazee inaweza kuwekewa madarasa bila kupoteza utamu wake. Upande wa dansi bado kuna ukame. Wapiga solo, rithimu na saksafoni waliozijenga bendi kubwa za Dar es Salaam, Tabora na Nairobi wanazidi kupungua kila mwaka, na wengi walichokijua hakijaandikwa popote. Likizo za shule zipo, na kumbi zinakaa tupu mchana. Maofisa utamaduni, wenye kumbi na wenye bendi wanaweza kuanza na wiki tatu: wazee wanne, vijana ishirini, na onyesho moja la mwisho ambalo watu watalipia kiingilio.