Uhamisho wa Chama: Kwa nini mchezaji huru huzua ubishi hadi Ganda

MASHABIKI wa kandanda katika wadi ya Ganda, viungani mwa mji wa Malindi, wana mazoea ya kubishana kuhusu timu mbili ambazo si za Kenya. Lugha ni moja, matangazo ya kutoka Dar es Salaam hayahitaji mkalimani, na katika vibanda vya kuonyeshea mpira watani wa jadi Simba na Yanga wana wafuasi wao kama walivyo nao Arsenal na Manchester United. Julai 1, 2024 ubishi huo ulitiwa kuni mpya. Yanga ilitangaza kwamba imemsajili kiungo Mzambia Clatous Chama, kipenzi cha Msimbazi kwa miaka kadhaa, na Simba haikulipwa hata senti moja ya ada ya uhamisho.

Hilo la mwisho ndilo lililowatatiza wengi. Shabiki wa kawaida anaelewa kuuzwa: klabu moja inataja bei, nyingine inalipa, mchezaji anabeba viatu vyake. Lakini nyota kuvuka barabara na kwenda kwa adui bila klabu yake kupata chochote, tena bila kanuni kuvunjwa, ni jambo linalohitaji kufafanuliwa.

Jibu liko katika maneno mawili: mchezaji huru. Mchezaji wa kulipwa hafungwi na klabu, hufungwa na mkataba. Siku mkataba unapokwisha, klabu haina tena kitu cha kuuza. Mkataba wa Chama na Simba ulifikia kikomo mwishoni mwa msimu wa 2023/24, na Yanga ikamtangaza mara tu Julai ilipoingia.

Haikuwa hivyo siku zote. Zamani, hata barani Ulaya, klabu iliweza kumshikilia mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha hadi ilipwe ada. Mbelgiji Jean-Marc Bosman alikwama kwa namna hiyo alipotaka kuondoka RFC Liège kujiunga na Dunkerque ya Ufaransa. Alikwenda mahakamani, na mnamo Desemba 15, 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kuwa ada ya aina hiyo haikubaliki kwa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wanaohama kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine. Uamuzi huo ulilazimisha kanuni za dunia nzima kubadilika. Leo kanuni za Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, zinamruhusu mchezaji aliyebakisha miezi 6 au chini ya hapo katika mkataba wake kusaini mkataba na klabu nyingine, bora klabu inayomtaka iijulishe kwa maandishi ile aliyomo kabla ya kuanza mazungumzo naye. Kwa hiyo klabu inayolala hadi Januari na nyota wake ana mkataba unaokwisha Juni, imekwisha kuacha mlango wazi.

Upo mlango mwingine, na huu unawahusu sana wachezaji wa Afrika Mashariki. Klabu isipomlipa mchezaji mishahara ya miezi 2, anaweza kuiandikia kuipa siku 15 ilipe deni lote. Ikishindwa, anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa sababu halali na kuwa huru. Mchezaji ambaye mkataba wake ulikwisha kabla ya dirisha la usajili kufungwa anaweza pia kusajiliwa baada ya dirisha hilo kufungwa, ndiposa majina mapya huibuka wakati watu wamedhani soko limelala. Hata hivyo, klabu iliyopigwa marufuku na FIFA kwa sababu ya madeni haiwezi kumsajili hata mchezaji huru. Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya zimewahi kuonja adhabu hiyo.

Sasa turudi kwa Chama. Ili kuelewa ukali wa ubishi, sharti kukumbuka alichowafanyia Simba. Alitua Msimbazi mwaka 2018. Desemba mwaka huo, Simba ikiwa imefungwa 2-1 na Nkana ya Zambia katika mechi ya kwanza, alifunga kwa kisigino dakika za mwisho za mechi ya marudiano, Simba ikashinda 3-1 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 2019 alifunga tena dakika za mwisho dhidi ya AS Vita ya Kongo, na Simba ikatinga robo fainali. Alitwaa ubingwa wa Tanzania misimu mitatu mfululizo, na katika msimu wa 2019/20 akatajwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2021 aliuzwa kwa RS Berkane ya Morocco, akarejea Januari 2022. Machi 2023 alifunga mabao 3 Simba ilipoicharaza Horoya ya Guinea 7-0. Mtu kama huyo hahami kama anavyohama beki wa akiba.

Walioupinga usajili huo upande wa Yanga hawakukosa hoja. Chama alikuwa na umri wa miaka 33. Katika nafasi anayocheza, Yanga ilikuwa tayari na Stephane Aziz Ki, mfungaji bora wa ligi wa msimu wa 2023/24 kwa mabao 21, pamoja na Pacôme Zouzoua na Maxi Nzengeli. Kikosi kilichoifunga Simba 5-1 Novemba 2023 kilihitaji nini kwa mzee wa Msimbazi? Kwa fikra hiyo, Chama alisajiliwa ili kumuumiza jirani, si kwa sababu ya pengo uwanjani. Tena neno bure linadanganya. Klabu inayookoa ada ya uhamisho huombwa na mchezaji dau kubwa zaidi la kusaini na mshahara mnono, na wakala naye anataka chake. Fedha haziokolewi zote, zinabadilisha mfuko.

Waliounga mkono walijibu kwa hesabu nyepesi. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, hasara yake ina mpaka. Uzoefu wa mechi za Afrika haununuliwi dukani. Na hata kama atakaa benchi, angalau hatakuwa benchi la Simba. Hoja hii ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote kwa mtazamo wa kiufundi, ingawa ndiyo inayoshangiliwa zaidi vibandani.

Upande wa Simba lawama ziligawanyika. Waliomwita Chama msaliti walisahau kwamba klabu yao ilikuwa na msimu mzima wa kumwongezea mkataba. Badala yake, Desemba 2023 uhusiano uliingia doa alipofungiwa kwa muda kwa madai ya utovu wa nidhamu. Simba ilimaliza msimu huo katika nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, kisha ikaamua kukisuka upya kikosi, ikiachana pia na nahodha wa muda mrefu John Bocco na Saidi Ntibazonkiza. Uamuzi wa kujenga timu ya vijana ni halali. Kuujenga kisha kulia kwa sababu mkongwe ameondoka ni kutaka mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Somo la jinsi ya kuepuka hasara hiyo lilikuwa jirani tu. Mkataba wa Aziz Ki nao ulikuwa ukielekea ukingoni katikati ya mwaka 2024. Yanga ilimshawishi akasaini upya, na mwaka 2025 akaenda Wydad ya Morocco kwa kuuzwa, si kwa kuondoka hivi hivi. Mkataba mpya ndio uliokuwa bidhaa.

Wakati mwingine ugomvi huwa ni kuhusu kama mchezaji yu huru kweli. Mwaka 2020 mshambuliaji wa Ghana, Bernard Morrison, alihama Yanga na kwenda Simba. Yanga ilidai alikuwa ameongeza mkataba wa miaka miwili, yeye akakana. Shirikisho la soka la Tanzania, TFF, lilimpa haki mchezaji, na shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ambako Yanga ilishindwa mwaka 2021. Ni karatasi iliyoamua, wala si makelele ya mashabiki.

Wakenya wenyewe wana majeraha yao. Juni 2018 Meddie Kagere aliifungia Gor Mahia katika ushindi wa 2-0 dhidi ya Simba kwenye fainali ya SportPesa Super Cup uwanjani Afraha, Nakuru. Kabla vumbi halijatulia, alikuwa amevaa jezi nyekundu ya Msimbazi. Akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo, kwa mabao 23 na kisha 22. Mwaka 2019 kiungo Francis Kahata alifuata njia hiyo hiyo ya kutoka Gor Mahia kwenda Simba.

Lakini kwa Ganda lipo jambo zito kuliko nani anamcheka nani. Ni fedha za timu za vijijini, na hapa mjadala wa vibandani huwa kimya. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa kulipwa akiuzwa kuvuka mpaka kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kuanzia miaka 16 hadi 23 asilimia 0.5.

Chukua mfano wa kijana aliyecheza Ganda misimu minne ya kwanza, akapitia Mombasa hadi ligi kuu, kisha klabu yake ya Kenya ikamuuza Tanzania kwa Sh10 milioni. Timu ya kijijini ingestahili asilimia 1, yaani Sh100,000. Ni jezi, mipira na nauli za msimu kwa timu ambayo huchangisha kila mechi. Kijana yuyo huyo akisubiri mkataba uishe na kwenda kama mchezaji huru, hakuna ada, na asilimia 1 ya sifuri ni sifuri.

Kuna fidia nyingine, ya malezi, ambayo FIFA husimamia mchezaji chipukizi anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi ya kigeni, kulingana na daraja ya klabu inayomchukua. Hiyo haitegemei ada ya uhamisho. Kwa uhamisho wa ndani ya nchi, suala huachiwa kanuni za shirikisho lenyewe.

Haki zote hizi zina sharti moja ambalo huwakosesha wengi: mchezaji awe amesajiliwa na shirikisho kupitia klabu hiyo, na kumbukumbu ziwepo. Timu inayokusanyika jioni chini ya mwembe na kucheza mashindano ya kuwania mbuzi, bila fomu wala tarehe za kuzaliwa, haitajwi popote pesa zinapogawanywa. FIFA ilianzisha mwaka 2022 kituo maalumu cha kukokotoa na kusambaza malipo hayo kwa kutumia kumbukumbu za kielektroniki, na kituo hicho hakiwezi kuliona jina ambalo halikuandikwa.

Kuhusu Chama, ubishi haukupata mshindi wa wazi. Yanga ilitwaa tena ubingwa wa 2024/25, waliompenda wakahesabu kombe, na waliompinga wakauliza ni mechi ngapi alizoanza. Kocha Miguel Gamondi, aliyekuwapo alipowasili, aliondolewa Novemba 2024, na makocha wengine wawili wakashika usukani kabla ya msimu kwisha. Mwaka 2025 mkataba wa mwaka mmoja ulipomalizika, Chama aliaga Yanga kwa mlango ule ule alioingilia na kujiunga na Singida Black Stars. Safari hii ni Yanga ambayo haikulipwa kitu.