"UKIMWI wa Paka" Hauwapati Watu

Miezi michache iliyopita mama mmoja alibaki kwenye benchi la kliniki yetu baada ya wenzake wote kuchukua dawa na kuondoka. Anaishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi sasa, anameza dawa zake vizuri, afya yake ni njema. Nilidhani amesahau kadi. Kumbe alikuwa na swali aliloona haya kuliuliza mbele za watu: "Sista, hivi mimi nimemwambukiza paka wetu?"

Mwanawe wa darasa la nne alikuwa ameomba paka siku nyingi. Wakaenda mjini kwenye kituo kinachohifadhi wanyama waliotelekezwa, wakapewa dume mpole, sikio moja limechanika. Baada ya muda paka akawa na vidonda mdomoni, na jeraha la mguuni likakataa kupona. Daktari wa mifugo alimpima damu, akasema ana virusi vinavyoitwa na wengi "ukimwi wa paka". Neno hilo likatoka nje ya nyumba. Jirani mmoja alisema chanzo ni mama. Mwingine akawakataza watoto wake kwenda kucheza pale. Mama alikwisha kutafuta gunia la kumtupia paka, na mtoto akawa hali chakula.

Jibu nililompa ndilo ninalowapa nanyi, wasomaji wapenzi: hapana. Mtu hawezi kumwambukiza paka virusi vya UKIMWI, wala paka hawezi kumwambukiza mtu virusi vyake.

Jina hilo lilitoka wapi?

Mwaka 1986, huko Petaluma katika jimbo la California, Marekani, paka waliookotwa na kutunzwa pamoja walikuwa wakiugua, wengine wakifa. Wataalamu Niels Pedersen na Janet Yamamoto wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakapata virusi katika damu yao, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 1987. Virusi vya UKIMWI vilikuwa vimegunduliwa mwaka 1983 tu, na dunia nzima ilikuwa na hofu. Kwa kuwa virusi hivi vya paka navyo hudhoofisha kinga ya mwili, polepole, jina la UKIMWI likavibandika. Kwa maoni yangu jina hilo limeleta hasara kuliko faida.

Ni kweli kwamba virusi hivi viwili ni vya ukoo mmoja. Lakini kila kimoja kina mlango wake wa kuingilia katika chembechembe za damu, na mlango wa paka mtu hana. Madaktari wa mifugo waliong'atwa na kukwaruzwa na paka wa namna hii wamepimwa, hawakukutwa navyo. Mbwa na kuku nao hawavipati. Jamaa za paka ndio wana vya kwao: simba wengi wa Serengeti wanaishi na aina yao ya virusi hivi.

Paka kwa paka huambukizana hasa kwa kung'atana, meno yanapozama na mate kuingia kwenye jeraha. Ndiyo maana wanaopatwa zaidi ni madume wanaozurura na kupigana usiku, wale tunaowaita paka shume. Kunywa katika bakuli moja si hatari kubwa kwa paka wasiogombana. Basi dawa ya kwanza ni kumhasi na kumlaza ndani. Akiacha kupigana, si rahisi awaambukize wenzake. Na kama ni mtoto wa paka aliye chini ya miezi sita, kipimo kirudiwe baadaye, kwa sababu huenda kilichoonekana ni kingamwili alizopewa na mama yake.

Paka mwenye virusi hivi anaweza kuishi miaka mingi bila shida. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo mara mbili kwa mwaka, na mapema zaidi mkiona amekonda, anaharisha, ana mafua yasiyokwisha, au anatema chakula kwa maumivu ya fizi. Sisi tumezoea kumtupia paka utumbo wa kuku au vichwa vya samaki vikiwa vibichi. Huyu mpikieni.

Hapa naomba msome kwa makini. Msimpe paka dawa za watu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua, awe mgonjwa au mzima. Mama yule alinikiri kwamba alitaka kumgawia paka nusu ya kidonge chake cha kila siku. Alikuwa na huruma, lakini angemdhuru paka na kujipunguzia kinga yeye mwenyewe.

Je, hakuna hatari yoyote kwa watu?

Ipo, ila si hiyo inayosemwa na majirani. Paka yeyote anaweza kutoa katika kinyesi vijidudu vya toksoplasma, ambavyo ni hatari kwa mimba na kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Vijidudu hivyo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo beseni la mchanga lisafishwe kila siku, na asilisafishe mjamzito wala mwenye kinga dhaifu. Akikosa msaidizi, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Tena wengi hupata vijidudu hivi kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, hata kama nyumbani hakuna paka, na hilo twalisahau.

Mpeni paka chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Viroboto pia wapigwe vita, kwa sababu hueneza vijidudu vinavyoingia mwilini kwa mikwaruzo.

Mama aliporudi kuchukua dawa nilimwuliza habari za nyumbani. Paka yupo. Amehasiwa, jino bovu limeng'olewa, jeraha limefunga. Watoto wa jirani wameanza kurudi, ingawa mama yao bado anachungulia dirishani. Beseni la mchanga ni kazi ya baba.