Ruhusa ya Kupiga Bunduki Shambani: Hati na Bima

Mkulima aonapo njiwa wameshukia mbegu zake, au sungura wamekata miche usiku, hufurahi akitokea mtu mwenye bunduki na kumwambia, "Niruhusu nikuondolee waharibifu hawa." Naye hujibu, "Haya, piga," na mambo huishia hapo. Jibu hilo fupi laweza kumletea hasara kuliko ile ya njiwa na sungura. Karatasi hii yaeleza kwa nini ruhusa hiyo haina budi kuandikwa, na kwa nini mwenye bunduki aulizwe habari za bima yake kabla hajavuka mpaka wa shamba. Mfano wetu ni Uingereza, kwa kuwa huko jambo hili liliwasumbua wakulima hata likatungiwa sheria.

1. Sheria ya mwaka 1880. Zamani mpangaji wa shamba Uingereza alilima ardhi ya bwana mwenye nchi, lakini mara nyingi haki ya kuwinda ilibaki kwa bwana yule. Sungura walikula mazao ya mpangaji, naye hakuwa na idhini ya kuwaua. Mwaka 1880 Bunge lilimpa kila mkaaji wa shamba haki ya kuua sungura waliomo, wachimbao mashimo na wasiochimba, wala haki hiyo haiwezi kuondolewa kwa mapatano yo yote. Lakini sheria iliweka sharti: bunduki itumiwe na mkulima mwenyewe na mtu mmoja tu mwingine, naye awe ameruhusiwa kwa maandishi. Tena, mtu huyo akiombwa hati yake na mwenye haki ya kuwinda hapo, akashindwa kuitoa, huhesabiwa kuwa hana ruhusa. Kusema "Niliambiwa kwa mdomo" hakumfai kitu.

2. Sheria ya mwaka 1968. Kwa sheria ya silaha ya mwaka huo, kuingia na bunduki katika ardhi ya mtu mwingine bila idhini wala sababu ya haki ni kosa la jinai. Askari wa polisi akimkuta mpigaji kondeni, hati ndiyo imtetee. Yamfaa mkulima pia, kwani hujua ni nani aliyemo shambani mwake na kwa kazi gani.

3. Mambo ya kuandika. Hati haihitaji maneno mengi, bali haya yasikose:
(a) Jina la atoaye ruhusa, na kama ni mwenye ardhi au mpangaji. Mpangaji na asome kwanza mkataba wake, asije akatoa haki isiyo yake.
(b) Jina la apewaye. Ruhusa ni yake peke yake, asimpe rafiki.
(c) Mipaka ya shamba, pamoja na nyumba, njia za watu na malisho ya ng'ombe. Mchoro mdogo wafaa sana.
(d) Wanyama au ndege watakaopigwa, na aina ya bunduki.
(e) Siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kwamba mpigaji atatoa habari kila mara kabla ya kuja.
Wote wawili watie sahihi, na kila mmoja akae na nakala yake.

4. Risasi haijui mpaka. Mwenye shamba dogo na alikumbuke neno hili kuliko yote. Marisau madogo yaweza kwenda yadi 200 na zaidi, na risasi ya bunduki ndogo ya .22 yaweza kufika karibu maili 1. Mashamba mangapi yana urefu huo? Kwa hiyo jirani aarifiwe mapema, na risasi isipigwe ila penye kilima au ukingo wa udongo wa kuizuia. Uingereza, kwa sheria ya barabara ya mwaka 1980, ni kosa kupiga bunduki bila sababu ya haki ndani ya futi 50 kutoka katikati ya barabara, ikiwa mpita njia ataumia, atazuiwa au atahatarishwa.

5. Bima. Tuseme marisau yamemjeruhi mtoto wa jirani, na mpigaji hana mali. Wazazi watauliza, "Ni nani aliyemkaribisha mtu huyu?" Hata kama mkulima hana kosa, kesi peke yake yaweza kummaliza fedha. Bima ya fidia kwa watu wengine ndiyo kinga. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mwenye bunduki ya marisau kuwa na bima, lakini wenye mashamba wengi huidai. Wapigaji wengi huipata kwa kuwa wanachama wa chama chao, kama kile cha BASC kilichoanzishwa mwaka 1908. Usiridhike kuambiwa kwamba ipo. Itazame hati yenyewe: jina ni lake? Siku yake haijapita? Kiasi chake chatosha? Ukimlipa ujira, uliza kama bima yamlinda katika kazi ya malipo, kwa maana huenda isimlinde. Iwapo nawe una bima ya shamba, iarifu kampuni yako.

6. Hati hii si leseni. Ruhusa ya mkulima haiwezi kuhalalisha lile ambalo Serikali imelikataza. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mkulima wa nchi hizi anayesumbuliwa na nguruwe au nyani asimwite mwenye bunduki kwa siri, bali apeleke habari kwa afisa wa wanyamapori.

Wazee walisema, "Mali bila daftari, huisha bila habari." Ukurasa mmoja wenye sahihi mbili huandikwa kwa nusu saa. Uandikwe kabla ya bunduki kulia, kwa kuwa baada ya ajali hakuna atakayekubali kuutia sahihi.