Mashine, Inhela na Chupa: Dawa za Kuvuta Katika Dharura ya Pumu

Pumu, maradhi ambayo jina lake humkumbusha msikilizaji kitenzi 'pumua', huwa hatari pale misuli inayoizunguka mirija ya hewa mapafuni inapokaza, kuta za mirija hiyo zikavimba na makohozi yakaiziba nafasi iliyosalia. Mgonjwa anayefikishwa katika chumba cha dharura akiwa hawezi kuikamilisha sentensi kwa pumzi moja huhitaji dawa ya kuvuta bila kuchelewa. Swali ni dawa ipi, na kwa chombo kipi.

Salbutamoli, iliyoanza kutumika mwaka wa 1969, huilegeza misuli hiyo kwa muda wa dakika chache. Ipratropiamu haishindani nayo: huuzuia ujumbe wa neva unaoiamuru misuli ikaze, nayo hukawia kidogo, hivyo haifai kutumiwa peke yake. Hata hivyo, katika shambulio kali, kuzitumia dawa hizi mbili kwa pamoja kumethibitika kupunguza idadi ya wagonjwa wanaolazwa.

Kuhusu chombo, wengi huamini kwamba nebulaiza, yaani mashine inayoigeuza dawa ya maji kuwa ukungu, ndiyo yenye nguvu. Pengine ni mngurumo wake unaowatia watu imani. Utafiti hauwaungi mkono. Kwa mashambulio yasiyotishia uhai, inhela iliyounganishwa na spesa, chombo chenye uwazi ambamo dawa hutulia kabla ya kuvutwa, hufanya kazi sawa na mashine hiyo. Mipulizo 4 hadi 10 hutolewa kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza. Watoto wanaotumia spesa hukaa muda mfupi zaidi katika chumba cha dharura, na mapigo ya mioyo yao hayapandi sana. Isitoshe, spesa haihitaji umeme.

Wala haihitaji fedha nyingi. Mwaka wa 1999, watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa ili inhela ichomekwe kisha ikazibwa kwa gundi, iliwafaa watoto sawa na spesa ya dukani. Chupa isiyozibwa ilisaidia kwa kiasi. Kikombe chepesi cha plastiki hakikufua dafu.

Hata hivyo, dawa hizi hulegeza misuli tu. Uvimbe hubaki, na ndiyo maana steroidi huanzishwa katika saa hiyo hiyo ya kwanza, kwani nazo huchukua saa kadhaa kabla ya kufanya kazi.