Kuku wa Nyama na Maji ya Kijito

Wewe unayekaa Bijombo, unajua ya kuwa maji hayapandi mlima. Kila kinachomwagwa juu huteremka. Mvua ikinyesha kwetu, maji hushuka kwa vijito na mito, kisha huingia katika Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukavunja nyumba na kuua watu wengi mjini Uvira. Siku hiyo kila mtu aliona nguvu ya maji ya mlimani. Lakini yako mambo mengine ambayo maji hubeba kimya kimya kila masika. Moja ni mavi ya kuku wetu.

Kufuga kuku wa nyama ni kazi njema. Mtoto anayekula mihogo tu, pasipo nyama wala samaki wala maharage, huvimba miguu na nywele zake hugeuka rangi. Kwa hiyo hatusemi, “Acheni kuku.” Twasema, “Wafugeni kwa akili.”

UBAYA UKO WAPI?

Kwanza, mavi ya kuku yana vijidudu. Kuku aonekanaye mzima aweza kuchukua tumboni vijidudu viitwavyo salmonela na kampilobakta. Vikiingia katika maji ya kunywa, au katika mikono ya mtoto anayetambaa, huleta homa na kuhara, pengine kuhara damu. (Kipindupindu ni jambo jingine. Hicho hutoka katika kinyesi cha mtu, si cha kuku.)

Pili, mavi yana chakula cha mimea, yaani naitrojeni na fosforasi. Shambani ni mali. Majini ni hasara, maana huotesha uchafu wa kijani, na uchafu huo ukioza humaliza hewa ambayo samaki huvuta. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na mto mmoja tu, Lukuga, ndio unaotoa maji yake. Kinachoingia humo hukaa muda mrefu sana.

Hata Marekani wamejifunza jambo hili. Mwaka 1997 samaki walikufa katika mto Pocomoke, jimbo la Maryland, mahali penye kuku wengi mno. Mwaka 1998 jimbo hilo lilitoa sheria juu ya mbolea ya mashamba, na juu ya chakula cha kuku pia.

KWA NINI CHAKULA?

Kwa sababu mavi ni chakula ambacho kuku hakukitumia. Hesabu mwenyewe. Kuku 50 wenye kilo 2 kila mmoja ni kilo 100. Wakilishwa vizuri watakula kilo 200 hivi. Wakilishwa vibaya watamaliza kilo 300. Zile 100 zilizozidi zimekwenda wapi? Zimekanyagwa chini, au zimegeuka mavi. Umepoteza fedha, na jirani yako wa chini amepata uchafu.

Basi fanya hivi:

1. Changanya chakula kwa umri wa kuku. Kifaranga anahitaji sana chakula cha kujenga mwili. Kuku mkubwa anahitaji kidogo. Ukimpa mkubwa kupita kiasi, hukitoa tena, nacho hugeuka ile harufu kali inayochoma macho. Pima kwa kilo. Majuma matatu ya kwanza: mahindi 6, soya 3, ndagala kavu 1. Baadaye: mahindi 7, soya 2, ndagala 1. Juma la mwisho: mahindi 7, soya 3, bila ndagala, nyama isinuke samaki. Ongeza chumvi kidogo, na unga wa madini na vitamini kama mganga wa mifugo aelekezavyo.

2. Soya ikaangwe kwanza. Soya mbichi huzuia tumbo la kuku lisitumie chakula. Ndagala ziwe zisizotiwa chumvi. Mahindi yenye ukungu usiwape kabisa, yana sumu.

3. Kama waweza kupata fitazi, itie. Sehemu kubwa ya fosforasi ya mahindi na soya imefungwa, na kuku hana nguvu ya kuifungua. Fitazi huifungua. Ndiyo iliyotajwa katika sheria ya Maryland.

4. Inua chombo cha chakula kiwe sawa na mgongo wa kuku, wala usikijaze hata juu. Hapo kuku hawezi kukichakura.

5. Usiwakimbize kukua. Milimani kwetu pana baridi, na hewa ni nyepesi. Kuku wa nyama akuaye upesi mno huchoka moyo, tumbo likajaa maji, akafa. Wape chakula cha unga kwa kipimo, uwatie joto wakiwa wadogo, lakini banda lipitishe hewa.

6. Tandika maganda ya mpunga au majani makavu, unene wa vidole vinne. Palipolowa, ondoa siku ile ile. Mavi makavu hayanuki sana, na ni rahisi kubeba.

MAVI YAENDE WAPI?

Yasitupwe kijitoni, wala yasilundikwe penye mteremko juu ya chemchemi. Chagua mahali tambarare, hatua 50 au zaidi kutoka kwa maji. Changanya na majani makavu, funika mvua isipenye, geuza kila juma. Lundo litapata moto wenyewe, na moto huo huua vijidudu vingi. Baada ya miezi mitatu lipeleke shambani wakati wa kupanda, ulifukie kwa udongo. Mavi mabichi huunguza mimea, nayo si ya kutiwa kwenye mboga za majani.

Kuku wasilale ndani ya nyumba pamoja na watoto. Ukitoka bandani, nawa kwa sabuni. Kama huna, nawa kwa majivu. Maji ya kunywa chemsha.

Mwaliko wa kazi hii ni mdogo. Leo jioni tembea kutoka banda lako mpaka kijitoni, ukifuata njia ambayo mvua itaifuata. Ukiona mavi njiani, umekwisha kujua pa kuanzia. Aliye chini yako anachota maji kesho asubuhi.