Mbona mtoto haoni ubaoni?

MWALIMU ameandika hesabu ubaoni lakini mtoto wako anatazama daftari la jirani yake. Nyumbani husogea hadi karibu kuigusa televisheni, na ukimwomba akusomee nambari ya matatu inayokuja, hubana macho na kukunja uso kabla ya kujibu. Mzazi, usikimbilie kumwita mzembe. Yamkini mtoto huyo haoni mbali, na kwa vile hajawahi kuona vinginevyo, anadhani kila mtu huona hivyo.

Hali hii wataalamu huiita mayopia. Ili uielewe, sharti kwanza ulifahamu jicho lenyewe. Jicho ni mfano wa tufe dogo. Mwangaza huingia kupitia konea iliyo mbele, ukapita kwenye mboni na lenzi, kisha ukakusanyika kuwa picha juu ya retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho. Mtoto anapozaliwa, tufe hilo huwa na urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Akiwa mtu mzima hufika milimita 24. Katika miaka hiyo yote jicho hujirekebisha ili urefu wake uoane na nguvu za konea na lenzi.

Kwa baadhi ya watoto, jicho halikomi panapofaa. Huendelea kurefuka hadi likakaribia umbo la yai, na picha ya kitu kilicho mbali huangukia mbele ya retina badala ya juu yake. Ndiyo maana ubao huonekana kama uko ndani ya ukungu ilhali kitabu kilicho mkononi husomeka vizuri. Milimita moja ya ziada yatosha kumfanya mtoto ahitaji miwani ya dayopta 2.5 hadi 3. Na jicho likisharefuka halirudi lilivyokuwa.

Kwa nini lirefuke? Wengi hujibu kuwa ni kurithi, na hawajakosea. Mtoto ambaye wazazi wake wote wawili hawaoni mbali yumo hatarini zaidi. Lakini urithi pekee hauelezi yote. Mnamo 2008 watafiti walilinganisha watoto wa asili ya Kichina, wa miaka 6 na 7, waliokuwa wakiishi Singapore na wenzao wa Sydney, Australia. Idadi ya wazazi wenye tatizo hilo ilikaribiana katika miji yote miwili. Hata hivyo, watoto 29 kati ya kila 100 wa Singapore walikuwa na mayopia, na wa Sydney walikuwa 3 tu. La kushangaza ni kwamba wale wa Sydney walisoma vitabu vingi zaidi. Walichowashinda wenzao ni kukaa nje: karibu saa 14 kwa wiki, ilhali wa Singapore walitoka nje saa 3 tu.

Jibu linaelekea kuwa katika mwangaza. Darasani au sebuleni, mwangaza mara nyingi haufiki laksi 500. Nje wakati wa mchana, hata chini ya mti, hufika maelfu, na juani hupita 10,000 kwa urahisi. Sisi hatuihisi tofauti hiyo kwa sababu macho hujizoesha upesi. Majaribio kwa vifaranga vya kuku yameonyesha kuwa mwangaza mkali huifanya retina itoe dopamini kwa wingi, na inaaminika kemikali hiyo ndiyo huliamuru jicho lipunguze kukua.

Huko Guangzhou, China, shule 12 zilishiriki jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mnamo 2015. Sita kati yazo ziliongeza kipindi cha dakika 40 nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto 30 kati ya 100 katika shule hizo walikuwa wamepata mayopia. Katika zile nyingine walikuwa karibu 40. Si muujiza, lakini hapakutumika dawa yoyote.

Sasa mtazame mtoto wa Nairobi. Hupanda basi la shule alfajiri, hushinda darasani, huenda tuisheni, kisha hurudi kwenye gorofa za Pipeline ambako taa huwashwa hata adhuhuri. Akimaliza kazi ya shule hupewa simu atulie. Kutazama kitu cha karibu kwa muda mrefu bila kupumzika nako huchangia. Na viwanja vya kuchezea vinazidi kunyakuliwa. Mnamo Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa gesi ya kutoa machozi kwa kudai uwanja wao. Wachache walifikiri wakati ule kuwa lilikuwa pia suala la macho.

Wapo wazazi wanaokataa kumvisha mtoto miwani wakihofia itayaharibu macho zaidi. Hofu hiyo haina msingi. Miwani hairefushi jicho; bila miwani mtoto hukosa masomo tu. Karoti nazo ni chakula kizuri na upungufu wa vitamini A huweza kupofusha, lakini hazifupishi jicho lililorefuka. Ziko dawa za matone na miwani maalumu za kupunguza kasi ya tatizo, ila ni za kuamuliwa na daktari wa macho.

Kasi hiyo ina maana kubwa. Anayeanza kutoona mbali akiwa na miaka 7 ana miaka mingi ya kuzidiwa kuliko anayeanza akiwa na 14. Mayopia ikipita dayopta 5 au 6, retina huwa imevutwa sana, na ukubwani inaweza kubanduka; presha ya macho nayo hunyemelea.

Mpeleke mtoto apimwe kabla hajaanza shule, kisha kila mwaka. Nyumbani unaweza kumziba jicho moja, umwambie asome bango la duka la ng'ambo ya barabara, kisha ubadilishe. Na umtoe nje mchana kwa saa mbili hivi kila siku. Si lazima akae juani, na asilitazame jua lenyewe. Akivaa kofia au akicheza kivulini, mwangaza unaoyafikia macho bado hushinda wa taa za nyumbani mara nyingi.